Dawa ya Maziwa ya Dani Akinyi

Kabla Winny hajakaa vizuri kwenye kigoda, Rosa alikwisha jua amefuata nini, na hasira ilikuwa imeanza kumpanda. Hakumkasirikia Winny. Msichana wa watu alikuwa na kichanga kifuani, kichanga kinachonyonya, kinaachia, kinalia, kinanyonya tena, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Rosa alimtazama, akajisemea moyoni: haya, mwingine huyu.

"Mama Joram," Winny alisema, "maziwa imekataa kutoka. Sista wa kliniki anasema niendelee kumwekea titi tu, itakuja. Naweka, naweka, hakuna. Bwanangu Calvince alinunua ile ya mkebe, lakini ile kitu haikai tumboni. Watu wanasema wewe uko na dawa."

"Dawa iko," Rosa alisema.

"Basi nisaidie."

"Iko, lakini si yangu."

Winny alimtazama kama mtu anayenyimwa chumvi na jirani aliyekalia gunia la chumvi. Rosa alilijua jicho hilo. Lilikuwa limemtazama miaka na miaka pale pale mlangoni, kila mara likiwa usoni pa mwanamke mwingine, na kila mara yeye ndiye aliyebaki akionekana mchoyo.

Hapa mtaani Manyatta hakuna asiyemjua Rosa. Yeye ni nyamrerwa, kama Wajaluo wanavyomwita mwanamke anayetibu watoto wachanga na mama zao. Mtoto akivimba tumbo, analetwa kwake. Akitoka vipele kichwani, kwake. Mgongo wa mzazi ukigoma kunyooka, Rosa anaukanda mpaka unyooke. Kwa dawa hizo zote hakuna anayemuuliza swali, kwa sababu zote alipewa. Na kwa watu hawa wa dawa, kuijua dawa ni kitu kimoja na kupewa ni kitu kingine kabisa. Anayetoa hutafuna ncha ya mzizi, hukutia mzizi uliobaki mkononi, mkono wa kuume kwa mkono wa kuume, na husema neno moja tu, "Amiyi," yaani nakupa. Wewe unatafuna na kumeza. Kuanzia hapo dawa ni yako, na yeye hana tena, amebaki bibi kizee wa kawaida anayeota jua. Usipopewa, hata ukichemsha sufuria nzima, umechemsha majani. Tena wengine husema dawa iliyochukuliwa bila kutolewa huigeukia nyumba ya aliyeichukua.

Dawa zote za mamamkwe wake Rosa alipewa, isipokuwa moja. Ya maziwa.

Na kinachomchoma ni kwamba anaijua kuliko hata jina la babu yake. Alipoolewa akiwa msichana, akaletwa Dunga kwenye boma la kina mumewe, kazi ya kwanza aliyopewa na mamamkwe, Dani Akinyi, yaani Bibi Akinyi, ilikuwa kuchuma majani ya mti ule mfupi unaoota karibu na mafunjo, ufuoni mwa ziwa. Alijua achume ya upande gani, asubuhi jua likiwa bado chini. Alijua yakaushwe wapi, yatwangwe vipi, kikombe kijazwe hadi wapi. Miaka yote hiyo alichuma, akatwanga, akachemsha, na Dani Akinyi akawa anachukua tu kikombe na kumpa mzazi kwa mkono wake mwenyewe. Rosa alikuwa kama mpishi wa harusi ambaye haruhusiwi kuonja pilau.

Wanawake hawa wametoka mbali, msifikiri ni Rosa tu aliyesumbuliwa. Mama wa mume wa Dani Akinyi aliyekuwa na dawa hizo kabla yake aliambiwa na watu wa misheni kwamba ni mchawi, akawa anachuma kwa kuibia, majani chini ya kuni. Dani Akinyi mwenyewe serikali ilikuja ikamwita semina, ikampa glavu, kiwembe kipya na mwavuli, ikamwambia hongera mama, endelea kuzalisha. Haukupita muda serikali hiyo hiyo ikarudi, ikasema acha kabisa kuzalisha, kazi yako sasa ni kusindikiza wazazi hospitali. Rosa aliirithi kazi hiyo ya kusindikiza. Anafika na mzazi, anaonyeshwa benchi la nje, anakaa. Hana ugomvi na hospitali; ameona damu zilizoshindikana nyumbani, na anajua mahali pa mzazi ni wapi. Lakini benchi lile linamuudhi. Mtu akikukalisha nje angalau akwambie ndani kunaendaje.

Na ni hilo benchi lililomkosesha dawa. Siku Dani Akinyi alipozidiwa, Rosa alikuwa amemsindikiza binti mmoja wa mtaa wa Nyalenda, akakaa nje tangu alfajiri mpaka mchana. Huko Dunga bibi aliita, "Rosa yuko wapi?" wakamwambia yuko hospitali. Akasubiri. Akaita tena. Mwishowe akaona pumzi hazitamngoja mtu, akaunyoosha mkono kwa mkamwana aliyekuwa karibu, mke wa mtoto wake mdogo, Nekoye. Akatafuna, akampa, akasema neno. Rosa aliporudi alikuta watu wameshaanza kulia.

Nekoye si Mjaluo, ni Mbukusu, wa Waluyia. Alikuja kuolewa tayari mtu mzima, hakuwahi kuchuma hata jani moja. Siku ile alipokea mzizi kwa adabu, kama unavyopokea chochote mkononi mwa anayekufa, akatafuna kidogo, akameza, na uliobaki akaufunga kwenye kitambaa. Baadaye mume wake alipata kazi Maseno, wakahamia huko, yeye akafungua kibanda cha chapati kwa wanafunzi wa chuo. Mwanzoni mambo yalikwenda, kwa taabu. Mzazi akija kwa Rosa, Rosa anachuma, anatwanga, anapeleka majani Maseno, Nekoye anayashika tu kwa mkono na kuyarudisha, basi, yamekuwa dawa. Watu walicheka, lakini walikunywa.

Halafu Nekoye akaokoka, na mambo yakaharibika.

Alijiunga na kanisa la Pasta Griffins, kijana mwenye sauti ya kukwaruza na suti inayombana mabega. Akaambiwa mizizi ni ya giza. Rosa alipopeleka majani safari iliyofuata, Nekoye aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Siwezi, Mama Joram. Nimeacha hiyo vitu."

"Sawa, umeacha. Basi nipe mimi. Sema neno moja, ujitoe."

"Nikikupa dhambi yangu, si nimekutia wewe shimoni?"

"Mimi niko kwa hiyo shimo miaka yote, nimezoea."

Nekoye hakucheka. Kila Rosa aliporudi, jibu lilikuwa hilo hilo, na chapati moja ya kufungia safari. Rosa alizila chapati hizo kwa uchungu, na zilikuwa tamu, jambo lililozidi kumuudhi. Dawa hakuitumia Nekoye, hakuitoa, hakuitupa. Aliilalia, na huku wanawake wanakuja Manyatta na matiti makavu na Rosa anawafukuza kwa maneno mazuri.

Basi Winny alipoondoka siku ile analia kimyakimya, Rosa alisema liwalo na liwe. Alivaa viatu akaenda tena Maseno, na huko alimkuta Nekoye anasukuma unga, uso umetulia kama wa mtu aliyelipa deni.

"Umekuja siku nzuri, nyieka," Nekoye alisema. Ndivyo wanavyoitana wanawake walioolewa na ndugu. "Jumapili naitoa hiyo kitu kanisani. Pasta amesema nilete mbele ya watu, ichomwe, nitoe ushuhuda. Nitakuwa huru, na wewe pia utawachana na mimi."

Mtu angedhani Rosa amekata tamaa, kumbe kichwa kilikuwa kinapiga hesabu. Naitoa. Nekoye atasimama na mzizi mkononi, anyooshe mkono, autoe. Na dawa ni ya mkono unaoipokea. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lazima kupokelea chumbani.

Jumapili alifika kanisani mapema kuliko wapiga ngoma. Hakuwa mtu wa kanisa lile. Yeye ni wa kanisa lingine lenye nyimbo za polepole. Alikaa kiti cha mbele kabisa, akavumilia spika iliyokuwa inamtikisa meno, na alipoulizwa na mama wa mapokezi kama amekuja kuokoka, alisema anafikiria. Mungu atamsamehe. Hata kusema uongo kanisani kuna wakati mtu hana njia nyingine.

Nekoye aliitwa. Alisimama mbele, kile kitambaa mkononi. Nje ya mlango wa pembeni moto ulikuwa unawaka ndani ya pipa. Alieleza alivyopewa na mamamkwe, alivyohangaika nayo. Watu wakasema amina. Akafungua kitambaa, na Rosa akauona mzizi, mweusi, mdogo, umekauka. Akainuka. Watu walidhani ameguswa na neno, wakampigia makofi. Alipiga hatua mkono wa kuume ukiwa mbele, na wakati huo huo Pasta Griffins alishuka madhabahuni kwa upande wa pili. Ana miguu mirefu kijana yule. Alifika kwanza.

Nekoye, kwa uoga wake, alifanya alivyoona ikifanywa mara moja tu maishani. Aliuma ncha ya mzizi kwa meno. Akauweka mkononi mwa pasta, mkono wa kuume kwa mkono wa kuume.

"Amiyi, Pasta," alisema.

Pasta Griffins aliuinua juu watu wauone, kisha, ili kuonyesha kwamba hauna nguvu juu ya mtu wa Mungu, akaulamba, akameza, kisha akautemea mate. Kanisa likalipuka. Akatoka nao akautupa ndani ya pipa. Rosa alibaki amesimama katikati ya watu wanaoruka, mkono bado umenyooka, na akaelewa kwamba dawa ya maziwa ya Dani Akinyi, iliyopita kwa wanawake tangu hakuna anayekumbuka, sasa ni mali ya mwanamume wa miaka isiyofika thelathini asiyejua hata kama anayo.

Nyie mnaweza kucheka. Rosa hakucheka.

Baada ya ibada alimfuata nyuma ya kanisa, ambako pasta alikuwa anakunywa soda na kujifuta jasho. Alimweleza yote taratibu, kama unavyomweleza mtoto anayeumwa. Hakumficha kitu. Mwisho akasema, "Sasa, Pasta, sikuombi mzizi. Mzizi ni majivu. Nishike tu mkono useme neno. Kuna msichana anangoja."

Pasta alianza kwa kutabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. Aliangalia kushoto na kulia kuona nani anasikia.

"Mama, unataka watu waseme mimi ni mganga?"

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Mama, sikupokea dawa. Nilipokea uchafu nikautupa. Siwezi kukupa kitu sina." Akawa mpole kidogo, maana si mtu mbaya. "Huyo dada aletwe tumwombee. Na aende hospitali."

"Alienda hospitali. Walimwambia angoje."

"Basi angoje na Mungu."

Rosa alimtazama akaona hakuna pa kushika. Mtu asiyeamini anacho, utamwombaje akupe? Alirudi mbele akamkuta Nekoye amekaa peke yake kwenye viti vilivyosambaa, huru kama alivyotaka, lakini uso wake haukuwa wa mtu huru.

"Nilisema neno?" Nekoye aliuliza kwa sauti ndogo. "Mama Joram, ile neno ilinitoka?"

"Ilikutoka."

"Sikutaka kusema. Ilitoka tu." Alijishika kinywa. "Sasa iko kwa Pasta?"

Hapo Rosa alishikwa na hasira. Miaka yote hiyo Nekoye alimnyima kwa kisingizio kwamba ameacha, na kumbe aliamini muda wote, aliamini kuliko Rosa. Alitaka kumtukana. Alitafuta tusi la Kiluyia analolijua, likakosekana. Maji yakimwagika hayazoleki, na mbele yake mwenzake alikuwa ameshaanza kulia. Rosa alimwacha aendelee, akaenda zake. Siku hiyo hakuchukua chapati.

Mtu pekee aliyemweleza yote ni Mariamu, rafiki yake wa mtaa wa Kaloleni anayeuza habasoda, ubani na mafuta ya nazi sokoni Kibuye. Mariamu alisikiliza huku anapima habasoda kwa kijiko, na Rosa alipofika mahali pa pasta kulamba mzizi, kijiko kilimponyoka kwa kicheko.

"Sasa Rosa, si huyo Pasta atoke maziwa yeye mwenyewe."

"Cheka tu."

"Sikucheki. Lakini mimi dawa zangu nanunua kwa mzigo, zinatoka Mombasa, zingine huko India. Nani alinipa? Yule mwenye lori? Majani ni ya Mungu, dada. Nenda uchume."

"Wewe unauza viungo vya pilau," Rosa alimwambia. "Usinifundishe dawa."

Yalikuwa maneno mabaya, na Mariamu aliyaacha yapite, kwa sababu wamejuana tangu watoto wao walipokuwa wanacheza mpira wa kati pamoja. Akamfungia habasoda kwenye karatasi. Rosa aliondoka na aibu juu ya hasira, mizigo miwili badala ya mmoja.

Asubuhi iliyofuata alikuwa Dunga. Wavuvi walikuwa wamerudi na omena, dagaa wa ziwani, wanawake wanaitandaza kwenye nyavu, kunguru wanaiba. Alipita bila kusalimia watu vizuri. Mti ulikuwepo, mfupi vile vile, hauna habari na mapasta. Rosa alisimama mbele yake muda mrefu akihofu. Alimfikiria Joram, mtoto wake aliye Nairobi, na wajukuu. Kama dawa hugeuka, itageukia nani? Kisha akakifikiria kile kichanga kinachoachia titi na kulia. Alimwita Dani Akinyi kwa jina, kwa sauti, jambo ambalo mkamwana hafanyi, akamwambia: ungengoja kidogo tu, mwanamke wewe. Kidogo tu. Halafu akachuma.

Kwa Winny aliingia akiwa na uso mkavu. Hakutaka kuulizwa, lakini Winny aliuliza.

"Wamekupa, Mama?"

"Nimepewa," Rosa alisema, akamshikisha kikombe kwa mkono wa kuume. "Kunywa. Na sista hakukudanganya, endelea kumwekea mtoto titi, hata usiku, hata ukichoka. Kula uji wa wimbi, uwe mzito. Na mwambie Calvince akuletee samaki, asikae hapo kwa stendi akingoja abiria na wewe uko na njaa."

Maziwa yalikuja. Kwanza matone, kisha siku iliyofuata Winny akaamka nguo imelowa kifuani, akapiga kelele hadi Calvince akadhani ni mwizi. Walimletea Rosa sangara mzima, wakamshukuru, ero kamano, ero kamano, mpaka akawafukuza. Alipofunga mlango aliketi kitandani. Alitakiwa afurahi, na hakufurahi hata kidogo. Kama ni majani yaliyofanya kazi, basi yangefanya kazi mwaka jana, na mwaka wa juzi, na miaka yote, bila Nekoye, bila Maseno. Kama ni uji na kunyonyesha, basi Dani Akinyi alimtwangisha majani ujana wake wote bure. Kama ni uongo wake uliomtuliza msichana, basi uongo huo alikuwa nao kinywani tangu zamani na alikuwa ameubana. Aliyageuza mawazo hayo upande huu, akayageuza upande ule, na kila upande palikuwa na wanawake aliowarudisha nyumbani.

Manyatta haina siri. Juma halikuisha, wazazi watatu walikuwa wamekaa uani kwake. Wawili hakuwajua. Wa tatu, Ajwang, muuza nyanya, Rosa alimjua mara moja, na Ajwang naye alijua kwamba amejulikana. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine wa miaka minne amemshika sketi, mvulana mdogo wa umbo, miguu myembamba, aliyelelewa kwa maji ya uji tangu mlango huu ulipofungwa mbele ya mama yake.

Ajwang hakuja na ugomvi. Alisalimia kwa heshima, akakaa, akangoja zamu yake. Ilipofika aliuliza tu kama mtu anayeuliza habari za shamba.

"Wanasema sasa ulipewa, Mama Joram."

"Ndiyo, nilipewa."

"Ilikuwa lini?"

Rosa alifungua kinywa. Angeweza kumwambia. Angeweza kusema sikupewa, nilichuma tu, na ningeweza kuchuma hata siku ile. Lakini wale wawili wengine walikuwa wanasikiliza, na dawa isiyotolewa nani ataimeza?

"Juzijuzi," alisema.

"Juzijuzi," Ajwang akarudia. Alitikisa kichwa taratibu, akamvuta mvulana karibu na goti lake, akampapasa kichwa. "Basi huyu alikosea tu siku ya kuzaliwa."

Rosa aliyamwaga majani ndani ya kinu, akashika mchi, akatwanga mpaka yakawa unga, na yalipokuwa unga akaendelea kutwanga.